Kubanwa, Kukazwa na Kutiwa Mkazo: Historia ya Neno "Stress" na Funzo Lake kwa Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anapoandika kwamba mhusika mkuu wa riwaya fulani "anakumbwa na mkazo", kisha katika sura inayofuata akaandika kwamba mshororo fulani "una mkazo katika silabi ya pili", msahihishaji hukabiliwa na tatizo lisiloweza kutatuliwa kwa kalamu nyekundu peke yake. Kosa hilo lina mantiki yake. Mwanafunzi amesoma nadharia kwa Kiingereza, na katika Kiingereza neno "stress" ndilo linalotumika pote pawili: kwa mzigo unaoielemea nafsi ya mhusika na kwa nguvu inayotiwa katika silabi. Alichofanya ni kulihamisha neno moja pamoja na jamaa zake wote na kuwaingiza katika nyumba yenye mlango mmoja.

Makala haya yanafuatilia historia ya neno hilo la Kiingereza, tangu lilipoanza kuandikwa katika karne ya 14 hadi lilipotwaliwa na sayansi ya tiba katika karne ya 20. Halafu yataligeukia swali linalotuhusu sisi wahakiki wa Kiswahili: ni nini tunachokipoteza, na ni nini tunachokificha, tunapolitafsiri neno hilo bila ya kuijua safari yake? Dai letu ni kwamba historia ya "stress" ni historia ya kupotea kwa mtendaji. Hapo zamani ilikuwa rahisi kuuliza ni nani au ni nini kinachombana mtu. Siku hizi neno hilo hutaja hali iliyomo mwilini mwake, na swali la mbanaji husahaulika. Kwa uhakiki wa fasihi iliyozaliwa katika mapambano, kusahau huko si jambo dogo.

Asili: Kukaza na Wembamba wa Nafasi

Chimbuko la neno ni kitenzi cha Kilatini "stringere", yaani kuvuta kitu kikakaza, kufunga au kubana. Kutokana nacho yalipatikana katika Kifaransa cha kale maneno mawili yaliyokaribiana: "estrece", lenye maana ya wembamba wa nafasi na uonevu, na "destresse", lililotoka katika umbo lenye kiambishi cha mwanzo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya watawala, na maneno haya yakaingia Kiingereza kupitia mlango huo. Hivyo "stress" ni mtoto wa wazazi wawili. Kwa upande mmoja limetokana na "estrece". Kwa upande mwingine ni "distress" iliyodondoshwa silabi yake ya mwanzo.

Miongoni mwa matumizi ya kale kabisa yanayojulikana ni yale ya Robert Mannyng wa Brunne katika *Handlyng Synne*, utungo wa mafunzo ya dini alioanza kuuandika mwaka 1303 kwa kufuata kitabu cha Kifaransa. Mannyng analitumia neno hilo anapotaja mana waliyolishwa Wana wa Israeli walipokaa miaka 40 jangwani. Hapa neno halitaji hisia. Linataja njaa, kiu, jua na mchanga. Mtu yumo ndani ya hali hiyo kama vile msafiri alivyo ndani ya bonde jembamba.

Mzazi wa pili, "distress", alikuwa na maana kali zaidi katika sheria. Alitaja haki ya mwenye ardhi ya kukamata mifugo au vyombo vya mpangaji ili kumshurutisha alipe anachodaiwa. Sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 ilijaribu kuidhibiti haki hiyo kwa kuwa wakubwa walikuwa wakiitumia kupita kiasi. "Stress" lenyewe liliwahi kutumika kwa maana hiyohiyo ya kukamata mali. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuupata mfano, kwani Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, inayohusu kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, ilibeba neno "distress" katika jina lake la Kiingereza. Mpangaji wa Nairobi aliyeona kitanda chake kikitolewa nje na madalali alikutana na neno hilo katika maana yake ya karne ya 13. Katika maana hiyo mtendaji hajifichi. Yupo anayekamata, na yupo anayekamatwa.

Bahari na Hoja

Katika karne zilizofuata neno lilipanuka kuelekea pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa baharini. Nahodha alipolazimika kuingia bandari asiyoikusudia kwa sababu ya tufani, ilisemwa kwamba amefanya hivyo kwa "stress" ya hali ya hewa, na kauli hiyo ikawa na uzito katika mikataba ya shehena na bima. Neno lilikuwa likitaja nguvu ya nje inayomwondolea mtu hiari, na kwa hiyo kumwondolea lawama.

Upande wa pili ulikuwa wa hoja na usemi. Waandishi walianza kusema kwamba wanaweka "stress" juu ya jambo fulani, yaani wanaliegemeza hoja zao kama vile boriti inavyoegemezewa paa. Kutoka hapo haikuwa mbali kufikia sauti yenyewe: jambo lililo muhimu hutamkwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ikapewa jina la uzito uleule. Mwanafonetiki Henry Sweet, katika *Handbook of Phonetics* ya mwaka 1877, alilitumia "stress" kwa nguvu ya utamkaji wa silabi. Istilahi ambayo leo tunaiita mkazo ilizaliwa hivyo, kutokana na sitiari ya mzigo.

Mhandisi na Mshairi

Karne ya 19 ililipeleka neno katika nyanja mbili zilizoonekana kutojuana. Ya kwanza ni uhandisi. Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa aliweka misingi ya hisabati ya nguvu zilizomo ndani ya vitu vigumu mwaka 1822, na katika miaka ya 1850 W. J. M. Rankine, aliyekuwa profesa wa uhandisi huko Glasgow, aliyatenganisha maneno mawili yaliyokuwa yakitumiwa kiholela. "Stress" ikawa nguvu iliyomo ndani ya kitu ikigawanywa kwa eneo inamofanyia kazi. "Strain" ikawa badiliko la umbo linalotokea, kwa mfano urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali. Chuma cha daraja kikibeba gari moshi, uzito wa gari hilo ni jambo moja, nguvu iliyomo ndani ya chuma ni jambo la pili, na kunyooka au kupinda kwa chuma ni jambo la tatu. Mambo hayo matatu tuyakumbuke, maana tutayahitaji.

Nyanja ya pili ni ushairi. Ushairi wa kale wa Kiingereza, kabla ya Wanormani, ulijengwa juu ya silabi nne zenye nguvu katika kila mshororo, bila ya kujali hesabu ya silabi nyingine. Athari ya Kifaransa ilileta hesabu ya silabi, na washairi wa Kiingereza wakachanganya mifumo miwili. Mwaka 1816, katika dibaji ya *Christabel*, Samuel Taylor Coleridge alitangaza kwamba katika utungo wake alihesabu silabi zenye nguvu, nne kwa kila mshororo, ingawa jumla ya silabi ilitofautiana kati ya 7 na 12. Kwa malenga wa Mombasa au wa Pemba, mishororo inayopishana kwa mizani mitano ni guni isiyohitaji kujadiliwa. Kwa Coleridge huo ulikuwa urejeshaji wa kanuni.

Aliyeikamilisha kazi hiyo ni Gerard Manley Hopkins. Mnamo Desemba 1875 meli *Deutschland* ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na mlango wa mto Thames. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watawa watano Wafransisko waliofukuzwa Ujerumani kwa sheria zilizolikandamiza Kanisa Katoliki. Hopkins, Mjesuti ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ameacha kutunga, aliandika utenzi mrefu kuhusu ajali hiyo, *The Wreck of the Deutschland*, akatumia mfumo mpya wa mapigo unaohesabu silabi zenye mkazo peke yake. Mashairi yake yalikuja kuchapishwa kwa pamoja mwaka 1918, miaka 29 baada ya kufa kwake, na rafiki yake Robert Bridges.

Kinachotuhusu ni kwamba neno "stress" linajitokeza zaidi ya mara moja ndani ya utenzi huo, na linabeba maana zake zote kwa pamoja. Kuna dhoruba inayoibana meli. Kuna serikali inayowabana watawa. Kuna Mungu anayeibana nafsi ya mshairi. Na kuna pigo la silabi linalomfanya msomaji auhisi ubanaji huo kinywani mwake. Kwa Hopkins muungano huu haukuwa mchezo wa maneno. Aliamini kwamba kila kitu kina nguvu ya ndani inayokishikilia kisisambaratike, na nguvu hiyo akaibunia jina kutokana na neno hilihili. Hata hivyo, hata kwake, mbanaji hakupotea. Meli ilibanwa na kitu, na watawa walifukuzwa na watu.

Maabara ya Montreal

Mageuzi makubwa yalitokea katika tiba. Walter Cannon wa Harvard, aliyechunguza jinsi mwili unavyobadilika katika maumivu, njaa, hofu na ghadhabu, kitabu chake kikatoka mwaka 1915, alilitumia neno hilo kwa tahadhari akiwa bado anausikia mwangwi wa uhandisi. Aliyelipa umaarufu ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mwaka 1936 alichapisha katika jarida la *Nature* barua fupi iliyoeleza kwamba panya waliotendwa kwa njia mbalimbali, wakiwamo waliowekwa kwenye baridi, waliojeruhiwa na waliopewa sumu, walionyesha dalili zilezile. Katika barua hiyo neno "stress" halimo. Lilikuja baadaye, likakomaa katika kitabu chake cha mwaka 1950 na katika *The Stress of Life* cha mwaka 1956.

Kwa Selye, "stress" ni jibu la mwili, na chanzo cha jibu hilo akakitafutia jina jingine. Kwa lugha ya Rankine, alilichukua jina la nguvu akalipa badiliko la umbo, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba neno "strain" lingemfaa zaidi kama angekijua Kiingereza vizuri wakati huo. Kosa hilo la istilahi lilienea duniani. Alipofundisha Paris, wenyeji wake hawakuona neno lao linalofaa, na Kifaransa kikalikopa "stress" kana kwamba ni geni, ilhali lilikuwa limetoka kwao karne saba kabla.

Ugunduzi wa Selye ulikuwa na thamani yake, lakini ulikuwa na gharama kwa wenye kazi ya kusoma maisha ya watu. Kiini cha hoja yake ni kwamba vyanzo mbalimbali huleta matokeo ya namna moja. Basi tofauti kati ya baridi, kidonda na sumu huwa hazina uzito. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, lugha hii ilitumiwa kuwaelezea askari, na mwaka 1980 Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitia katika orodha yake rasmi ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe, jina lake la Kiingereza likiwa na neno "stress" ndani yake. Aliyeteswa alipata jina la ugonjwa wake, na hilo lilimsaidia kutibiwa. Mtesaji hakutajwa katika jina hilo.

Kaza, Dhiki na Shida

Tukirejea Kiswahili, tunakuta kwamba lugha yetu ilikuwa tayari na familia nzima ya maneno yaliyopita njia ileile bila ya kuongozwa na Kiingereza. Wanaisimu waliochagua "mkazo" kwa nguvu ya silabi walilitoa katika "kaza", kitenzi cha Kibantu chenye maana ileile ya "stringere". Tunakaza kamba, tunakaza mwendo, tunakaza macho, tunakaza moyo. Hapana shaka uteuzi huo ulikuwa mzuri.

Neno "dhiki" nalo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya wembamba wa nafasi, sawasawa na "estrece" ya Kifaransa. Ndiyo maana methali husema baada ya dhiki faraja. Faraja kwa asili yake ni kufunguka, kuachana kwa vitu vilivyokuwa vimebanana. Methali hiyo, basi, kwanza ni picha ya mahali, na ndipo inakuwa picha ya moyo. Katika Kiarabu wazo hilo hutajwa pia kwa neno "shidda", kama lilivyo katika jina la mkusanyo mashuhuri wa visa wa al-Tanukhi, mwandishi wa Iraki wa karne ya 10, kuhusu faraja inayofuata shida.

Shida hiyo ni yetu pia, na ndiyo inayofunua mengi zaidi. Mzizi wake una maana ya kukaza na kufunga. Mtoto aliyesoma chuoni Lamu au Mombasa anaijua shadda, alama inayoandikwa juu ya herufi ili itamkwe kwa nguvu kana kwamba imerudiwa. Shida na shadda ni ndugu wa mzizi mmoja, na "kushadidia" hoja ni ndugu yao wa tatu. Kwa hiyo Kiarabu, kama Kiingereza, kiliona uhusiano kati ya maisha yaliyokazwa na sauti iliyokazwa. Kiswahili, kwa kurithi kutoka pande mbili, kikayagawa majukumu: mkazo kwa sauti, dhiki na shida kwa maisha, shinikizo kwa nguvu ya nje inayomlazimisha mtu au serikali. Wanafizikia wakaongeza "kanieneo", neno ambalo ni fasili kamili ya kani iliyogawanywa kwa eneo.

Mgawanyo huu ni mali. Mwanafunzi anayeandika "mkazo" kwa maana zote anairudisha lugha yake nyuma, hadi kwenye utata ambao ilikwisha kuutatua.

Matokeo kwa Uhakiki

Hasara ya kwanza iko katika uchambuzi wa arudhi. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ni mara chache hutofautisha maana, kama katika barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa, au walakini ya kuunganisha na walakini ya kasoro. Mfumo wa mashairi ya kimapokeo haukujengwa juu yake. Ulijengwa juu ya mizani na vina. Zaidi ya hayo, kina hukaa katika silabi ya mwisho, yaani silabi isiyo na mkazo. "Bahari" na "desturi" hutimiza kina cha *ri* bila ya ubishi, ingawa kwa kanuni ya Kiingereza, inayoanza kuhesabu kutoka irabu yenye mkazo, maneno hayo hayana urari. Shairi likiimbwa, silabi hiyo ya mwisho hurefushwa, na mkazo wa kawaida wa neno hutii mahadhi.

Katika mjadala uliozuka baada ya kutoka *Mashairi ya Kisasa* ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1973 na *Kichomi* cha Kezilahabi mwaka 1974, pande zote mbili zingefaidika na tofauti hii. Anayetetea mashairi huru anaweza kuuliza kwa haki kama mkazo wa usemi wa kawaida unaweza kuwa msingi wa mapigo mapya. Anayetetea arudhi anaweza kujibu kwamba mkazo unaoangukia mahali pamoja karibu daima hauna uwezo wa kuleta mivutano ambayo Hopkins aliipata. Hayo ni maswali ya kweli. Lakini hayawezi kuulizwa na mhakiki anayeamini kwamba kila ushairi duniani una "stress" kwa sababu kitabu cha nadharia kimesema hivyo.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Tuchukue *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 1974. Mashairi yake yalitungwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, baada ya mshairi kuhukumiwa kwa sababu ya maandishi ya kisiasa. Jina hilo kwa Kiingereza aghalabu hutafsiriwa kwa neno "agony", ambalo asili yake ya Kigiriki ni shindano. Uchungu umebaki, lakini wembamba umetoweka. Dhiki ya seli ni dhiki kwa maana ya kwanza kabisa ya neno: ni kuta zilizokaribiana. Na mshairi aliyetiwa katika nafasi finyu alichagua kwa hiari yake nafasi nyingine finyu, ile ya mizani na vina, akaonyesha kwamba ufinyu unaochaguliwa na ufinyu unaoshurutishwa ni vitu viwili tofauti.

Mhakiki akisema kwamba diwani hiyo "inaonyesha msongo wa mawazo wa mfungwa", hajasema uongo. Amefanya alichofanya Selye: amelipima badiliko la umbo na kuusahau mzigo. Tuuangalie msemo wenyewe. Katika "msongo wa mawazo" anayesonga ni nani? Ni mawazo ya mtu mwenyewe. Hakimu, askari jela na serikali wametoka jukwaani, na mfungwa amebaki akisongwa na kichwa chake. Tiba inaweza kuwa na sababu nzuri za kusema hivyo, maana daktari hana uwezo wa kuifungua jela. Mhakiki hana udhuru huo, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza nani amemfanyia nani nini.

Sarufi yetu yenyewe inamsaidia kuuliza. Kutokana na dhiki tunapata kudhikika na kudhikisha. Aliyedhikika yupo, na aliyemdhikisha lazima atafutwe. Kusongwa hudai "na", na baada ya "na" hudai jina. Hata vijana wa Nairobi, waliolichukua neno la Kiingereza lilivyo, wameligeuza kitenzi na kulipachika viambishi, wakasema kwamba fulani anawa-"stress". Mwalimu wa lugha anaweza kulichukia neno hilo, lakini hawezi kukana kwamba kwa kiambishi cha nafsi na cha mtendwa wamemrejesha mtendaji aliyepotea Montreal.

Hitimisho

Tumeona kwamba "stress" lilianza kama wembamba wa nafasi na ukamataji wa mali, likawa nguvu ya tufani, uzito wa hoja, nguvu ya silabi, kipimo cha chuma, na mwishowe hali ya mwili. Katika kila hatua lilipata kitu, na katika hatua ya mwisho lilimpoteza mbanaji. Kiswahili, kwa maneno yake ya kaza, songa, shinikiza, dhiki na shida, kinao uwezo wa kuzitenganisha hatua hizo, na kila neno lina zamu yake. Mkazo na ubaki katika silabi. Msongo na uitwe msongo pale ambapo mawazo ndiyo yanayosonga kweli. Na pale ambapo mwandishi ametuambia kwamba hiyo ni dhiki, tumwamini, kisha tuutafute mkono uliozisogeza kuta.